Usukani Uliotetemeka Katika Njia ya Masaka

Barabara itokayo Kampala kwenda Masaka na Mbarara ni miongoni mwa njia zenye shughuli nyingi nchini Uganda. Humo hupita ndizi na maziwa ya magharibi yaendayo mjini, malori yaelekeayo Rwanda na Kongo, na askari wengi warudio makwao wakati wa likizo. Kutoka Kampala hadi Masaka ni karibu kilometa 130, na kutoka hapo hadi Mbarara ni kiasi cha kilometa 140 nyingine. Msafiri mwenye subira huona mengi katika njia hiyo: misitu, vinamasi, masoko, na mstari wa Ikweta. Asiye na subira huona machache, na wengine hawafiki waendako.

Ijumaa moja alfajiri, sajini mmoja wa polisi aliondoka kambini Kampala pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Walikuwa wakielekea Mbarara kwa wakwe zake. Siku ya pili yake mdogo wa mkewe alikuwa aagwe kwa sherehe ya kuhingira, ambayo kwa desturi ya Banyankole ndiyo siku ya kumtoa binti nyumbani kwao na kumkabidhi kwa mumewe. Mke wa sajini ndiye dada mkubwa wa bibi arusi. Nyuma ya motokaa mlijaa vitenge, vyombo na zawadi za ukoo, na kuchelewa kungekuwa aibu isiyofutika upesi.

Motokaa yenyewe ilikuwa Toyota Corona ya miaka mingi. Jumamosi iliyotangulia sajini aliihudumia mwenyewe uani, apate kuokoa fedha ambazo zingekwenda gereji. Alibadilisha mafuta ya injini, akatia pedi mpya za breki za mbele, kisha akahamisha magurudumu: ya nyuma yakaja mbele na ya mbele yakaenda nyuma, ili matairi yalike sawasawa. Kijana wake wa miaka kumi na mitano alimsaidia kufunga nati. Kazi ilipokaribia mwisho mvua ilianza kunyesha, na mambo yaliyosalia yakamalizwa mbiombio. Wiki nzima motokaa ilikwenda kazini na kurudi kwa mwendo wa mjini, wala hapana kasoro iliyoonekana.

DALILI YA KWANZA

Walipita Busega, Kyengera na Nsangi wakijikokota katika msongamano wa magari. Baada ya hapo njia ilifunguka, na sajini akaongeza mwendo. Mshale ulipofika kilometa 80 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwake. Alipopunguza hadi 60 ulitulia. Alipoongeza tena hadi 90 ukatetemeka zaidi, hata mikono ya shati ikawa inapepea.

Mkewe alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Baba watoto, mikono yako ina nini?"

"Ni barabara tu," alijibu sajini.

"Hapa lami ni laini kama meza," mkewe alisema. "Tena vichwa vya watoto huko nyuma vimetulia. Mbona ni mikono yako peke yake inayocheza?"

Mama huyo hakuwahi kushika spana maishani mwake, lakini swali lake lilikuwa nusu ya uchunguzi. Mtetemo unaosikika zaidi katika usukani aghalabu hutoka katika magurudumu ya mbele, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyoungana na usukani. Mtetemo unaosikika katika viti na sakafu, huku usukani umetulia, aghalabu hutoka nyuma. Na kama ni barabara, mtetemo hubadilika lami inapobadilika, wala hausubiri mshale ufike 80.

Sajini alijua hayo. Hata hivyo alitafuta visingizio. Alijiambia kwamba shokomzoba zimechoka, kwamba motokaa ni ya zamani, na kwamba fundi wa Mbarara ataitazama Jumatatu. Fikira aliyoikwepa ni moja tu: kabla ya Jumamosi usukani haukuwa ukitetemeka, na Jumamosi hapana mtu mwingine aliyeigusa motokaa ila yeye na mwanawe. Mtu aliyejisifu mbele ya majirani kuwa hahitaji gereji haoni wepesi kusimama kando ya njia ili akague kazi yake mwenyewe.

Alifanya jaribio moja. Barabara ilipokuwa tupu nyuma yake, alikanyaga breki taratibu. Usukani haukutetemeka zaidi, bali ulitulia kadiri mwendo ulivyopungua. Jaribio hilo liliondoa shaka juu ya pedi mpya na diski za breki, kwa maana diski iliyopinda hujidhihirisha hasa mguu unapokanyaga breki. Yalibaki magurudumu.

"Baba watoto," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "heri tuchelewe arusi kuliko watungojee na jeneza."

Sajini hakujibu, lakini aliwasha taa ya kushoto.

KWA WATENGENEZA NGOMA

Mbele kidogo ya njia panda ya Mpigi, jirani na msitu wa Mpanga, pana kijiji cha Mpambire. Hapo ndipo mafundi wa ngoma za Buganda wanapofanyia kazi kando ya barabara. Msafiri huziona ngoma za kila kimo zimepangwa mbele ya vibanda, ngozi zimewambwa juani, na magogo yaliyochongwa yakingojea zamu yake. Kazi hiyo hurithiwa na wana kutoka kwa baba zao.

Sajini aliegesha mahali tambarare, mbali na lami. Alivuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akasimamisha alama za pembetatu barabarani, na akawatoa watoto wote wakakae kivulini. Kabla ya kupandisha jeki alichukua spana ya magurudumu na kujaribu nati moja moja huku matairi yote yakiwa chini. Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa imara. La kushoto lilikuwa na nati tano. Mbili hazikusogea. Ya tatu ilizunguka kidogo. Ya nne na ya tano zilizunguka karibu nusu mzunguko, bila kutumia nguvu.

Alinyamaza kimya. Nati iliyolegea haikai ilivyo: kila gurudumu linapozunguka hulegea zaidi, boliti huanza kuchezacheza katika matundu yake, kisha hukatika. Barabara hiyo ina miteremko mingi, na malori mazito yanakuja kutoka upande wa pili.

Alipandisha jeki na kulitoa gurudumu. Mgongoni mwake, pale linapokutana na kitovu, palikuwa na gamba la udongo mwekundu uliokauka. Hapo mambo yote yakawa wazi. Siku ile ya mvua gurudumu lililazwa uani penye tope, likainuliwa na kufungwa bila kufutwa. Nati zilibana udongo badala ya kubana chuma. Udongo ulipokauka na kusagika ulipukutika, nafasi ikabaki, na nati zikalegea. Isitoshe, gurudumu halikuwa limekaa wima juu ya kitovu, bali liliegemea upande mmoja.

Kijana alisogea, macho yameinama. "Baba, hilo nililifunga mimi."

"Ulilifunga wewe," sajini alijibu, "lakini aliyepaswa kulikagua ni mimi."

Mzee mmoja mtengeneza ngoma alikuwa akiwatazama huku mikono yake ikiendelea na kazi. Alikuwa akikaza kamba za ngozi ziunganishazo uso wa ngoma na kitako chake. Hakukaza kamba moja hadi mwisho ndipo aiendee nyingine. Alivuta kidogo hapa, kidogo upande wa pili, akazunguka, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Mwanangu," alimwambia sajini, "ngoma ukiivuta upande mmoja, uso unapinda, na sauti haiji."

Hiyo ndiyo kanuni ya nati za gurudumu. Sajini alisugua kitovu na mgongo wa gurudumu kwa kitambaa na brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Alirudisha gurudumu na kuzishika nati zote kwa vidole kwanza, apate hakika kwamba nyuzi zake hazikupishana. Kisha, gurudumu likiwa bado juu, alizibana kidogo kidogo akiruka moja kila mara, kama achoraye nyota. Ndipo akaishusha motokaa, tairi likagusa ardhi, akakaza mara ya mwisho kwa mpango ule ule. Kitabu cha motokaa hutaja nguvu itakiwayo, ambayo kwa magari madogo mengi ya aina hiyo ni karibu nyutoni-mita 100. Asiye na spana ya kipimo atumie spana ya kawaida kwa mkono wake. Asipande juu yake kwa miguu wala asiirefushe kwa bomba, maana nati iliyokazwa kupita kiasi huvuta boliti, na zikikazwa kwa kutolingana zaweza hata kupinda diski ya breki.

Magurudumu mengine matatu nayo yalitolewa na kusafishwa. Saa nzima ikapotea. Mkewe hakulalamika hata kidogo, na mtoto mdogo akapata ngoma ndogo.

KATIKA MSTARI WA IKWETA

Walipoanza tena safari usukani ulikuwa umebadilika. Mtetemo mkubwa haukuwapo. Lakini mwendo ulipofika 90 mlikuwa na mtetemo mwepesi, mithili ya nzi aliyefungiwa kiganjani. Safari hii sajini hakuhitaji kuulizwa. Alishuka hadi 60 na kushika mwendo huo, akayaacha magari mengine yampite.

Kiasi cha kilometa 70 kutoka Kampala, mahali paitwapo Kayabwe, barabara hukata mstari wa Ikweta. Mduara mkubwa mweupe umesimamishwa kila upande wa njia, na wasafiri hupiga picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Vijana wa hapo huonyesha mabeseni matatu yenye matundu chini. Maji hutiwa pamoja na ua dogo: upande mmoja wa mstari ua huzunguka kulia, upande wa pili huzunguka kushoto, na penye mstari wenyewe maji hushuka moja kwa moja. Watoto wa sajini walipiga makofi.

Ni mchezo wa kupendeza, na unastahili kidogo kinachotozwa. Walakini wanasayansi husema kwamba mzunguko wa dunia, unaopinda pepo kubwa na dhoruba za baharini, ni dhaifu mno kuyaamrisha maji ya beseni moja, tena hatua chache tu kutoka mstarini. Maji hayo hufuata namna yalivyomiminwa na umbo la chombo. Kijana wa sajini, ambaye tangu Mpambire alikuwa hajasema neno, alimnong'oneza babaye, "Si Ikweta iliyoyazungusha. Ni mkono uliomimina."

Sajini alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Naye alikuwa amelaumu barabara, umri wa motokaa na shokomzoba, hali mkono uliomimina ulikuwa wake mwenyewe.

KATONGA NA LUKAYA

Baada ya Ikweta njia hushuka kwenye kinamasi cha mto Katonga. Kwa askari mahali hapo pana kumbukumbu nzito, kwani mwishoni mwa 1985 na mwanzoni mwa 1986 majeshi yalikabiliana kwenye daraja hilo kabla ya kuanguka kwa Kampala. Wasafiri wa siku hizi hukumbuka zaidi Mei 2023, mto ulipofurika na maji yakaikata barabara. Magari yalilazimika kuzunguka mbali kupitia Sembabule ili kufika Masaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lukaya waliwakuta wachuuzi wakikimbilia magari na vijiti vya kuku wa kuchomwa, nyama na gonja ya moto. Soko hilo halilali. Usiku wa manane majiko yake bado yanawaka. Familia ilikula papo hapo garini. Sajini alishuka, akapitisha spana tena juu ya nati zote. Hapana iliyosogea. Ukaguzi huo wa pili ni wa lazima: gurudumu lililotolewa na kurudishwa halina budi kukaguliwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100, maana hapo ndipo vyuma vinapokuwa vimekwisha kukaana.

MASAKA

Mji wa Masaka uliharibiwa vibaya katika vita vya 1979, ukajengwa upya, na tangu Julai 2020 una hadhi ya jiji. Kwa msafiri ni kituo cha petroli, chai na matairi. Sajini alitafuta mwenye mashine ya kusawazisha magurudumu.

Fundi alisikiliza habari yote, kisha akauliza swali moja, "Gurudumu hili lilikuwa nyuma?"

"Hadi Jumamosi."

Fundi alilizungusha na kuonyesha upande wake wa ndani. Ndani ya rimu palikuwa na bonge la tope kavu, na pembeni alama safi ya kipande cha risasi kilichokuwa kimebandikwa na kuanguka. Alikwangua tope, akalipandisha gurudumu mashinini, na mashine ikadai gramu 40.

Gramu 40 ni uzito mdogo ambao mtu angeupuuza. Lakini kwa mwendo wa kilometa 80, gurudumu la motokaa ndogo huzunguka karibu mara 11 au 12 kwa kila sekunde. Gramu hizo zikiwa ukingoni mwa rimu, huvuta kama uzito wa karibu kilo 4, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma. Ndiyo sababu mtetemo huzidi katika mwendo fulani: ni kama bembea, ambayo ikisukumwa kwa wakati wake hupaa juu kwa nguvu ndogo tu. Kasoro hiyo ilikuwapo tangu zamani, ila gurudumu likiwa nyuma haikufika mikononi mwa dereva. Lilipohamishiwa mbele, ikapata sauti.

Hivyo palikuwa na sababu mbili katika gurudumu moja. Kama sajini angekwenda kusawazisha peke yake, nati zingeendelea kulegea juu ya udongo. Na kama angeridhika na kukaza nati, mtetemo uliosalia ungeendelea kula matairi na viungo vya usukani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Wenye magari ya familia wanaweza kuanza uchunguzi kwa maswali machache. Je, mtetemo huanza mwendo ukifika kiasi fulani tu? Tazama usawa wa magurudumu, tope ndani ya rimu, na vipande vya risasi vilivyoanguka. Huja breki ikikanyagwa? Tazama diski. Usukani huyumba hata katika mwendo mdogo wa kutembea? Tazama tairi lenye uvimbe, rimu iliyopinda au nati, na usiendelee kwenda. Motokaa huvutwa upande mmoja? Pima upepo wa matairi, kisha mlinganyo wa magurudumu. Gurudumu likiinuliwa na kutikiswa hucheza? Beringi au viungo vya usukani vimechakaa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Lakini kabla ya hayo yote pana swali lililo la kwanza: ni nini kilichoguswa mwisho? Ikiwa kasoro imeanza baada ya matengenezo, anza pale matengenezo yalipofanyika, wala usione haya kuwa aliyetengeneza ni wewe.

Kutoka Masaka usukani ulitulia kabisa. Walipita Lyantonde, wakaingia katika nchi ya malisho jirani na mbuga ya Ziwa Mburo, ambako ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huvuka njia bila haraka na madereva huwangoja. Walifika Mbarara jua likitua, wamechelewa saa tatu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu alasiri. Aliwahesabu wajukuu wake kwa kidole, mmoja mmoja, ndipo akawakaribisha ndani.

Jumapili, kabla ya safari ya kurudi, sajini alimkabidhi mwanawe spana. Kijana alizungukia magurudumu yote manne, nati kwa nati, akiruka moja kila mara. Alipomaliza, baba yake aliichukua spana na kuanza kuzikagua upya, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.